Deki ya DVD ya mama haisomi video ya harusi kwenye flashi, nikonvati kwenda fomati gani?

#1 Mtoto wa Mgeta
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wenu. Mdogo wangu wa kike kaolewa mwezi uliopita hapa Moro mjini, kamerameni katukabidhi video kwenye flashi ya 64GB, ni faili moja la MP4 lina GB 8 na ushee, saa tatu za sherehe kuanzia saluni mpaka kukabidhi zawadi. Kwenye laptopu inacheza safi, kwenye flati yangu inacheza safi. Nimeipeleka kwa mama kijijini Mgeta, yeye ana deki ya DVD ya kichina zile nyembamba zenye tundu la USB mbele, TV chogo ya inchi 14, umeme wa sola. Kuchomeka flashi deki inaandika NO USB basi. Mama hakuweza kushuka kwenye sherehe kwa ajili ya mguu, kwa hiyo hii video ndo harusi yenyewe kwake. Tafadhali msiniambie ninunue smart TV, sola haibebi, na hiyo deki mama anaijua rimoti yake hata gizani. Swali ni moja, nikonvati kwenda fomati gani na kwa programu gani? Natanguliza shukrani.

#2 Kaka_Songea
AVI mkuu. Konvati kwenda AVI mchezo umeisha.

#3 Bint Vuga
Hongereni kwa harusi, Mungu awajaalie kheri. Nnafatilia huu uzi, na mie nna video za maulidi nimerikodi kwa simu zagoma hivyo hivyo kwenye deki ya bibi.

#4 fundi_redio
Kabla hujakonvati chochote soma alichoandika mwenye uzi: NO USB. Hiyo haina uhusiano na fomati ya video. Deki ingekuwa imeiona flashi ikashindwa faili, ingekuonyesha majina ya mafaili au ingeandika kwamba haitambui. NO USB maana yake flashi yenyewe haijaonekana. Faili la GB 8 haliwezi kukaa kwenye FAT32 (hiyo ni namna mojawapo ya kuformati flashi), kwa hiyo kamerameni atakuwa ameformati flashi kwa exFAT au NTFS ndo likaingia. Deki za namna hiyo nyingi zinajua FAT32 tu. Anza hapo kwanza, video baadae.

#5 Mtoto wa Mgeta
fundi_redio asante, nimeangalia propatizi za flashi, kweli imeandikwa exFAT. Sasa nataka kuformati, Windows inanipa NTFS na exFAT tu, FAT32 haipo kabisa kwenye orodha. Nakosea wapi?

#6 Kaka_Songea
Hukosei popote, ni kwamba flashi inayozidi 4GB haiwezi kuwa FAT32. Tafuta flashi ndogo.

#7 Mpogoro wa Data
Kaka_Songea umechanganya vitu viwili hapo. 4GB ni kikomo cha FAILI MOJA ndani ya FAT32, sio cha flashi. Flashi yenyewe inaweza kuwa kubwa tu, mimi ninayo ya 128GB ni FAT32 na inasoma. Ile orodha ya Windows ndo inaishia 32GB, ukizidi hapo haikuonyeshi FAT32, uamuzi wa Microsoft tu. Mtoto wa Mgeta tumia programu ya Rufus, chagua kwamba haitakuwa ya kubuti, weka FAT32, dakika haiishi. Hamishia video kwenye laptopu kwanza maana kila kitu kinafutika!! Au kama una flashi ya 8GB au 16GB kabatini tumia hiyo, deki za zamani zingine zinachelewa sana kusoma flashi kubwa.

#8 Mzee wa Kaseti
Enzi zetu unachomeka VHS inacheza. Endeleeni vijana.

#9 Bint Vuga
Mzee wa Kaseti enzi zenu zipi, mlikuwa na TV nyie huko Bara? Sie Unguja tunaangalia TV ya rangi tangu miaka ya 70, nyie mkaja kuanza 1994.

#10 Mzee wa Kaseti
Bint Vuga hilo ni kweli na siwezi kubisha, ila video tulikuwa nazo kabla ya stesheni. Watu walikuwa wanaleta deki na TV kutoka Uarabuni na hapo kwenu Unguja, mtaa mzima mnajazana sebuleni kwa mtu mmoja kuangalia kanda. Kwa hiyo TV zilikuwepo, matangazo ndo hayakuwepo.

#11 Mtoto wa Mgeta
Mrejesho. Flashi nimeiformati FAT32 kwa Rufus. Halafu nikafuata ushauri wa Kaka_Songea, nimeshusha konvata moja kwenye simu nikachagua AVI, nikakonvati kipande cha nusu saa. Kuna jirani yangu hapa mjini ana deki inayofanana na ya mama kila kitu, nimejaribia kwake. Safari hii deki imeona flashi, jina la faili limetokea, nimebonyeza, SAUTI INATOKA PICHA HAKUNA. Kiza tupu na MC anaongea. Sasa AVI si hii hapa jamani?

#12 Mpogoro wa Data
Hapo ndo watu wengi wanapotea. AVI sio aina ya video, AVI ni chombo. Ni ndoo tu, ndani unaweza kuweka maji au mafuta ya taa na kwa nje ndoo ni ileile. MP4 ndoo, MKV ndoo, AVI ndoo. Kinachohusika na picha ni kodeki iliyomo ndani, yaani namna picha ilivyobanwa. Hiyo konvata ya simu nina uhakika imechukua H.264 ileile ya kamera ikaiweka kwenye AVI, sauti ikaigeuza MP3. Deki inajua MP3 ndo maana MC anasikika, H.264 haiijui ndo maana kiza. Shusha MediaInfo, ni programu ndogo ya bure, fungua hilo faili uandike hapa imesema nini kwenye Video na kwenye Audio.

#13 Kaka_Songea
Mbona mimi nabadilisha jina tu? Narait klik, rename, natoa ile .mp4 naweka .avi, inacheza. Sijawahi kukonvati kitu na muvi naangalia kila siku.

#14 Mpogoro wa Data
Kubadilisha jina hakugusi kilichomo ndani hata kidogo mkuu. Kama kwako inacheza basi deki yako ilikuwa na uwezo nayo tangu mwanzo, ilikuwa inakataa jina tu.

#15 Kaka_Songea
Sasa si umekubali kwamba kubadilisha jina kunasaidia?

#16 Otenyo muvi
Wasee habari, mimi niko Kisii nina duka ya movies tangu kitambo. Huyo wa kubadilisha jina ako na point kidogo tusimcheke. Kuna player inaangalia herufi za mwisho tu ndio iamue itaonyesha faili ama itaificha. Ukiwa na faili ya .divx na player inajua .avi pekee, ukibadilisha inacheza juu ndani ni kitu moja. Hata zile .DAT za VCD ukiita .mpg zinacheza. Lakini MP4 ya H.264 ukiiita AVI kwa player ya zamani hiyo hapana, labda hiyo yako ni ya juzi.

#17 Mtoto wa Mgeta
MediaInfo hii hapa:
Video: AVC, 1920 x 1080, fremu 50 kwa sekunde
Audio: MPEG Audio Layer 3
AVC ndo nini tena jamani?

#18 Mpogoro wa Data
AVC ndo H.264 yenyewe, jina lingine la kitu hichohicho. Nilisema. Na angalia hiyo 1920 x 1080 fremu 50. Hata deki ingeijua hiyo kodeki bado isingeweza. DVD ya PAL, mfumo tunaotumia huku, ni 720 x 576 fremu 25 kwa sekunde. Deki imetengenezwa kwa kazi hiyo, MPEG-2 ya kwenye disiki, na wakaongezea MPEG-4 ya kizamani, hizi tunazoita DivX na Xvid. H.264 ilipitishwa 2003 lakini chipu za deki za bei nafuu zimeendelea kuwa zilezile miaka na miaka.

#19 fundi_redio
Naongezea kwa Mpogoro. Nikifungua hizi deki mezani, nyingi sana nakuta chipu ya MediaTek, familia ya MT1389. Hiyo ndo inasoma disiki, USB, kila kitu. Inajua MPEG-1, MPEG-2 na MPEG-4 ya kina Xvid, H.264 hamna, na huwezi kuiongezea kwa kuapdeti chochote, kazi ya kufungua picha inafanywa na chuma, sio programu. Nawaambia wateja wangu kila siku, deki haijaharibika, imepewa chakula isichokula.

#20 Simba wa Kilosa
Mimi nilisikia sababu ni leseni. Kwamba mtengenezaji akiweka H.264 analipia kwa kila deki ndo maana za bei rahisi hawaweki.

#21 fundi_redio
Leseni ipo kweli lakini hata MPEG-2 walikuwa wanalipia leseni na wameiweka. Mimi naona ni chipu tu.

#22 Simba wa Kilosa
Chipu yenye H.264 ina bei kubwa kwa sababu gani sasa? Tunarudi palepale.

#23 Otenyo muvi
Tuachane na leseni tusaidie mama wa wenyewe. Mimi hufanya hivi kwa duka kila siku. Fungua Format Factory kwa laptop, chagua AVI, usibonyeze OK kwanza, ingia kwa settings za output. Video encode weka Xvid, saizi 720x400, bitireti (data ya kila sekunde) 1500, fremu 25. Audio encode weka MP3, 48000, bitireti 128, stereo. Ya muhimu, usiache saizi ikae kwa default juu itakuachia ile 1920 ya kamera na player itakataa tena. Nimeuzia watu wa mashambani hivyo na hawarudi kulalamika.

#24 Bi Mkubwa wa Ruwi
Salaam kutoka Muscat. Kwa nini 720x400 na sio 720x576 aliyosema Mpogoro? Mie huwatumia ndugu zangu Wete video kwa flashi na siku zote naweka 576.

#25 Otenyo muvi
Mama shikamoo. Ukiweka 576 kwa video pana ya siku hizi, AVI nyingi hazibebi habari ya upana wa picha, player inaichora hivyo tu, watu wanakuwa warefu wembamba. 720 kwa 400 inakaribia sana umbo la 16 kwa 9 na namba zote zinagawanyika kwa 16, hizi chipu za zamani zinapenda hivyo.

#26 Bi Mkubwa wa Ruwi
Marahaba mwanangu. Ndio maana kaka yangu akanambia kwenye video ya arusi ya Barka nimekonda. Ahsante sana.

#27 fundi_redio
Bi Mkubwa kabla hujakonvati upya, mwambie kaka aingie kwenye setap ya deki, sehemu ya TV TYPE, kuna 4:3 PS, 4:3 LB na 16:9. Kwa TV chogo iwe 4:3 LB. Watoto wakichezea rimoti ikikaa 16:9 basi hata DVD orijino watu wanakuwa wembamba.

#28 HapaKazi_Laptopu
Kwani HandBrake ina ubaya gani? Bure, haina matangazo, mimi naitumia kila siku.

#29 Mpogoro wa Data
HandBrake ni nzuri sana ila kwa kazi hii haifai. AVI na Xvid waliviondoa kwenye toleo la 0.9.4 mwaka 2009. Siku hizi inatoa MP4, MKV na WebM, hakuna hata kimoja ambacho hiyo deki itakubali. Avidemux ipo, XMedia Recode ipo, hizo AVI ya Xvid zinatoa. Mimi natumia ffmpeg. Mtoto wa Mgeta kama hauogopi kuandika, komandi ni hii:

ffmpeg -i harusi.mp4 -c:v mpeg4 -vtag XVID -b:v 1200k -maxrate 2500k -bufsize 2000k -vf scale=720:400 -r 25 -c:a libmp3lame -b:a 128k -ar 48000 -ac 2 harusi.avi

Hapo -vtag ni jina linaloandikwa ndani ya faili kuiambia deki hii ni Xvid. Deki zingine zikikuta FMP4, ambayo ffmpeg huweka yenyewe usipoiambia, zinakataa ingawa picha ni ileile. Ikigoma kwa XVID jaribu DX50.

#30 Kaka_Songea
Kwa hiyo jina lina maana, nilisema mimi #13 😄

#31 Mpogoro wa Data
😄 Hilo ni jina la ndani. Sawa mkuu, nusu point chukua.

#32 Bint Vuga
Jamani msinisahau mie. Nimefata maelezo ya Otenyo, video za maulidi zacheza, alhamdulillahi, lakini wasomaji wote wamelala ubavu! Kwenye simu wako wima vizuri.

#33 Mpogoro wa Data
Bint Vuga simu ilishikwa wima wakati wa kurekodi. Simu hairekodi wima, inarekodi ubavu halafu inaandika alama ndani ya faili kwamba mchezaji aigeuze nyuzi 90. Simu na VLC zinaitii hiyo alama. AVI haina hiyo alama, konvata yako haikuigeuza kabla. Kwenye ffmpeg inageuka yenyewe, kwenye Format Factory tafuta sehemu ya kuzungusha uweke 90. Itakaa katikati na mistari minene meusi pande zote mbili. Mwakani shika simu kwa upana.

#34 Bint Vuga
Na sauti? Dakika za mwanzo kasida na midomo vyaenda sawa, kufika mwisho sauti ishatangulia mbele.

#35 Mpogoro wa Data
Simu pia. Fremu za simu hazilingani, mara 30 mara 24 kutegemea mwanga. AVI inataka zilingane. Hiyo -r 25 kwenye komandi ndo inazilazimisha zilingane.

#36 Simba wa Kilosa
Hapo mimi naona ni deki inashindwa mwendo, nimeona hata kwa muvi za kutafsiriwa sauti ya DJ inatangulia.

#37 Otenyo muvi
Hiyo ya DJ huwa amechelewa kustart mwenyewe bana.

#38 Mtoto wa Mgeta
Wakuu mrejesho mwingine!!! Nimetumia komandi ya Mpogoro, saa tatu zote zimetoka faili la GB 1.8. Kwa jirani PICHA IPO SAUTI IPO. Bibi harusi anaonekana vizuri kabisa kwenye chogo, rangi safi. Jumamosi nikapanda nayo Mgeta. Ila kwa mama ikifika karibu dakika ya 40 inaanza kukwama, picha inaganda sekunde kadhaa, inaruka mbele, inaganda tena, baadae flashi inajitoa kabisa inarudi NO USB. Kwa jirani sehemu hiyohiyo ilipita, ingawa nako iligandaganda kidogo. Hapo tatizo nini sasa?

#39 Otenyo muvi
Faili moja ya saa tatu ndio shida. AVI ya zamani ilikuwa na kikomo cha 2GB na hizi player nyingi hazipendi AVI ikikaribia huko, index inakuwa kubwa memori inajaa. Kata vipande vya dakika 45. Hata mama itamsaidia, anaweza kuruka moja kwa moja hadi mahali anataka.

#40 HapaKazi_Laptopu
Flashi feki hiyo. Flashi za 64 za bei chee nyingi ndani ni 8, ukijaza inaanza kurudia kuandika juu ya vitu vya mwanzo. Ipime na programu ya H2testw.

#41 Mpogoro wa Data
HapaKazi faili ni GB 1.8 na imeformatiwa upya, hata ingekuwa 8 ya kweli lingeingia. Na laptopu inaisoma mpaka mwisho. Mimi nasema bitireti. Wastani ni 1200 lakini kuna mahali inapanda. Tundu la USB la deki sio la laptopu, mengine ni ya ule mwendo wa kizamani wa megabiti 12 kwa sekunde na kwa vitendo hupati hata hizo. Mtoto wa Mgeta, hiyo dakika ya 40 kuna nini kwenye video?

#42 fundi_redio
Mnaenda mbali. Deki mbili zinafanana, moja iko kwenye umeme wa TANESCO moja iko kwenye sola. Kwenye TANESCO inapita, kwenye sola flashi inajitoa. JINSI GANI hiyo ni bitireti? Flashi inakula volti 5 kutoka kwenye pawa saplai ya deki. Fungua deki ya mama, angalia kile kipande cha saketi kidogo pembeni unapoingia waya wa umeme, kuna kapasita ndefu kidogo, mara nyingi 1000uF volti 10. Kichwa chake kiwe bapa kabisa. Kikiwa kimevimba kama mgongo wa kijiko, au kuna ute wa kahawia umekauka chini yake, umempata mwizi wako. Nabadilisha hizo kila wiki. Kapasita ikichoka volti 5 inakuwa 4 na nusu, disiki itaendelea kucheza, flashi itajitoa.

#43 Simba wa Kilosa
Na inveta je? Zile za bei nafuu umeme wake sio laini.

#44 fundi_redio
Inveta nayo, na betri nayo ikishuka jioni. Ila anza na kapasita. Zima kwanza kabla hujafungua, na usiguse ile kapasita kubwa ya upande wa umeme mkubwa hata kama umechomoa, inakaa na chaji inapiga kweli.

#45 Tajiri wa Ifakara
Mbona mnahangaika hivyo, chomeni DVD ya kawaida. Deki ni ya disiki. DVDStyler ya bure, inatengeneza na menyu kabisa, mama anabonyeza picha ya Ukumbini anaenda ukumbini. Saa tatu zinaingia kwenye disiki moja ya 4.7GB.

#46 Mpogoro wa Data
Inawezekana, ila saa tatu kwenye disiki moja unapata kama 3.4 megabiti kwa sekunde ukijumlisha na sauti, kwa MPEG-2 picha itachoka kwenye kucheza muziki. Afadhali disiki mbili. Na ile 4.7 kompyuta itakuonyesha kama 4.38, usije ukajaza mpaka 4.7 ukashangaa inakataa.

#47 fundi_redio
Na lenzi ya deki ya mama ina hali gani? Deki iliyokaa kijijini miaka, vumbi la barabara, lenzi imechoka, disiki orijino inasoma ila ya kuchoma inagoma kwa sababu ya kuchoma inarudisha mwanga hafifu. Ukichoma tumia DVD-R, mwendo wa 4 au 8, usichome kwa 16.

#48 Bi Mkubwa wa Ruwi
Kuhusu disiki, mie nilinunua DVD orijino za katuni huku nikawapelekea watoto Wete, deki ikaandika WRONG REGION. Za kuchoma nyumbani zina shida hiyo?

#49 Tajiri wa Ifakara
Hazina Bi Mkubwa. DVD za dukani zinafungwa kwa rijini, yaani ukanda wa nchi, huko Oman ni rijini 2, kwetu ni 5. Ukichoma mwenyewe huwa inatoka wazi kwa rijini zote.

#50 Mkereketwa wa FTA
Wazo lingine kabisa. Kama ana king'amuzi cha bure, hivi vya antena vya DVB-T2 au cha dishi cha HD, kina USB nyuma au mbele. Hivyo H.264 vinaijua kwa sababu matangazo yenyewe yanakuja kwa H.264. Mimi naangalia MP4 za 1080 kwenye king'amuzi nikitoa kwa zile waya tatu, njano nyekundu nyeupe, kwenda kwenye chogo. Hakuna kukonvati.

#51 Mtoto wa Mgeta
Mkereketwa wazo zuri ila kule milimani antena haishiki kitu hivyo hajawahi kununua king'amuzi. Nitaliweka akilini.
Mpogoro umeuliza dakika ya 40 kuna nini. Nimeangalia. Ni maharusi wanaingia ukumbini, zile taa za rangi zinawaka zinazima, moshi, yale makaratasi ya kung'aa yanarushwa hewani, na muziki umefunguliwa mpaka mwisho.

#52 Mpogoro wa Data
HAPO SASA. Makaratasi ya kung'aa, moshi na taa za kuwaka ndo adui mkubwa wa kodeki yoyote. Kila fremu inakuwa tofauti kabisa na iliyopita, hakuna cha kurudia, kwa hiyo bitireti inapanda palepale. Ndo maana hata kwa jirani kwenye umeme wa TANESCO iligandaganda sehemu hiyohiyo. Punguza -maxrate iwe 1500k na -bufsize 1000k, saizi weka 640x352. Makaratasi yatakuwa na vimraba vimraba lakini itapita.

#53 fundi_redio
Muziki umefunguliwa mpaka mwisho, na mama na majirani waliojaa hapo sauti ya TV wameweka ngapi? Sauti ikipanda TV inavuta umeme zaidi, kwenye sola ndogo volti inashuka, pawa saplai iliyochoka inashindwa, flashi inajitoa. Dakika hiyohiyo pia. Na jirani kuganda kidogo sio sawa na flashi kujitoa, hivyo ni vitu viwili tofauti.

#54 Otenyo muvi
Na mimi bado nasema ni urefu wa faili. Amekata ama hajakata?

#55 Mtoto wa Mgeta
Sijakata bado. Niko mjini, Jumamosi ijayo napanda tena Mgeta. Sauti ilikuwa juu kweli, sebule ilijaa.

#56 Mpogoro wa Data
Basi panda na flashi mbili. Moja ile ya sasa, nyingine ya 640x352 iliyokatwa vipande anavyotaka Otenyo. Cheza ya zamani hiyo dakika ya 40 ukiwa umezima sauti kabisa. Ikipita fundi ameshinda. Ikikwama weka ya pili.

#57 fundi_redio
Ya pili ikipita itakuwa ni bitireti au ni kukata vipande? Umezichanganya mbili kwa pamoja hapo. Beba tatu. Na ubebe na mita ya kupimia, pima volti kwenye betri kabla TV haijawashwa na baada, uandike hapa.

#58 Kaka_Songea
Na moja ubadilishe jina.